JUA LA WATAALAMU NA JUA LA WATU



Mwishoni mwa Oktoba 1955 Chuo Kikuu cha Arizona, katika mji wa Tucson, Marekani, kiliwakusanya wataalamu kuzungumza juu ya ilimu ya nguvu za jua. Kutoka hapo wakahamia Phoenix, ulikofanywa mkutano wa dunia juu ya matumizi ya nguvu hizo, na watu wakaoneshwa hata majiko ya kupikia kwa jua. Mwaka mmoja kabla yake, maabara ya Bell ilikwisha dhihirisha kipande cha silikoni kigeuzacho mwanga kuwa umeme. Katika sehemu mia za nguvu zilizokiangukia kilitoa kiasi cha sita tu, lakini kilitoa.

Basi ilimu ilikuwapo. Kwa nini mtu wa kawaida asiipate kwa miaka arubaini na zaidi? Wako wasemao kuwa wataalamu walilala. Sisi hatukubaliani nao. Sisi tushindao dukani twajua kwamba bidhaa haishuki bei kwa kusifiwa mkutanoni. Hushuka pale mwenye kuitengeneza anapokuwa na yakini ya mnunuzi, akathubutu kutengeneza kwa wingi. Na yakini hiyo ilitoka katika sheria. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyoyalazimisha makampuni ya umeme kuununua umeme wa jua kwa bei maalumu, iliyodhaminiwa kwa miaka 20. Mkulima akafunga paneli juu ya banda lake akijua atalipwa nini. Viwanda vikazidi, kwanza huko, kisha khasa Uchina, na bei ikaporomoka duniani kote. Gharama zilibebwa na watumiaji wa umeme wa Ujerumani, na manung'uniko hayakukosekana. Na hao ni Wajerumani, ambao watalii wao hulifuata jua huku kwetu!

Tunaitaja khabari hii kwa sababu. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ulipoharibika tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kiasi cha miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, na mwenye duka asiye na jenereta akauza kwa kandili. Siku zote hizo jua lilikuwa utosini petu.

Kwa hiyo vyuo vikuu vyetu vinapoitisha mikutano ya nguvu za jua, tusiridhike na picha za wageni wa heshima. Tuulize: mwenye paneli juu ya paa lake atamuuzia nani umeme uliomzidi, kwa bei gani, na kwa ahadi ya miaka mingapi? Betri zitatozwa ushuru gani? Zikiharibika huko mashamba, nani atazitengeneza? Kwa hili la mwisho watu tunao: wako wanawake wa vijijini waliofundishwa ufundi huo Kinyasini. Hao wanastahiki viti vya mbele na nafasi ya kusema, si kualikwa kuja kuimba.

Na mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Karatasi zigawiwe kabla ya mkutano, ili mtu apate kuzisoma. Na Wawakilishi wetu wahudhurie tangu asubuhi, wasingoje saa ya chakula.