Historia tunayolipia iko wapi?

Wiki chache zilizopita, katikati ya somo, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alisimama akasema: "Mwalimu, piramidi hazikujengwa na watu. Walizijenga viumbe kutoka sayari nyingine." Nikamuuliza kalitoa wapi hilo. Akajibu bila kusita: "Kwenye chaneli ya historia." Darasa zima likanigeukia kungoja nitasema nini.

Sikuweza kumgombeza. Kila siku nawasisitiza wataje chanzo cha habari, na yeye alikitaja. Chaneli yenyewe inaitwa History.

Ilipoanza kurushwa Marekani, tarehe 1 Januari 1995, ilitimiza jina lake: picha za kumbukumbu, vita vikuu, wataalamu wakieleza. Mwaka 2007 wakaja madereva wa malori wanaopita juu ya barafu. Mwaka 2009 likaja duka la rehani la Las Vegas, Pawn Stars, ambako mtu analeta bunduki kuukuu, historia yake inasimuliwa kwa nusu dakika, halafu muda uliobaki ni kuvutana bei. Na kuna Ancient Aliens, kipindi kilichomponza mwanafunzi wangu, ambacho kimerushwa msimu baada ya msimu kikiuliza kama majengo ya kale si kazi ya wageni kutoka angani.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli wa piramidi ni mtamu kuliko uzushi huo. Mwaka 2013 wanaakiolojia wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walifukua mafunjo yenye maandishi huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Yana umri wa miaka 4,500 hivi. Kati yake kuna shajara ya ofisa mmoja aitwaye Merer, kiongozi wa kikosi cha mabaharia. Anaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, tumelala mahali fulani, kesho tunashusha Giza, kwenye kazi ya piramidi ya Farao Khufu. Ni mtu mwenye jina, mwenye vijana wa kuwasimamia, anayehesabu safari zake za mashua. Nilipowasomea wanafunzi habari za Merer, hakuna aliyesinzia.

Na sisi Waafrika hatuna anasa ya kuliona jambo hili kama mzaha. Wazungu walipozikuta kuta za Great Zimbabwe katika karne ya 19 walisema zimejengwa na Wafoinike, au watu wa Malkia wa Sheba, yeyote yule mradi asiwe Mwafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimba pale mwaka 1929 akathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe, lakini watawala wa Rhodesia waliendelea kuupiga vita ukweli huo kwa miaka mingi. Kumpokonya Mwafrika jengo lake na kumpa kiumbe wa angani ni wizi uleule.

Chanzo cha chaneli hii kuiacha historia ni fedha. Kule Marekani kampuni ya kebo huilipa chaneli kiasi fulani kila mwezi kwa kila nyumba yenye kifurushi, iwe wanaitazama au hawaitazami. Kinachobaki kugombaniwa ni matangazo ya biashara, na hayo hufuata wingi wa macho. Kamera dukani haihitaji mtafiti, nyaraka wala safari ya jangwani. MTV ilipita njia hiyohiyo: ilianza mwaka 1981 na video za muziki, na kufikia 2010 maneno yanayotaja muziki yalikuwa yameondolewa kwenye nembo yake. TLC, ambayo asili yake ni huduma ya elimu kwa setilaiti iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ushiriki wa NASA, sasa inajulikana kwa harusi na vituko vya familia.

Najua wapo watakaosema watu ndivyo wanavyopenda. Sawa, harusi zina wapenzi wake, na mke wangu ni mmoja wao. Ziwekwe kwenye chaneli ya burudani. Aliyelipia historia apewe historia.

Wanaotafuta mafumbo waje huku kwetu. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana Great Zimbabwe. Mwaka 1944, askari mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo hakuna aliyethibitisha zilifikaje huko. Hicho ni kipindi cha saa nzima, na hakihitaji chombo cha angani hata kimoja.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kampuni za ving'amuzi zinazotuuzia vifurushi ziandike wazi kila chaneli inarusha nini hasa, ili mzazi ajue kabla ya kulipa. Na TBC, kama chombo cha utangazaji cha umma hapa Tanzania, itenge nusu saa kila wiki kwa Kilwa, Engaruka na michoro ya Kondoa. Walimu wa Historia tupo, kila wilaya, na tutakuja kuhojiwa bila kudai posho.