Malineti haiharibu macho ya batoto

Kisha mkutano wa sendika hapa Mokambo, rafiki mmoja wa kazi alitubakiza nyuma. Mtoto wake wa miaka 10, muganga wa macho wa Lubumbashi alimupimia malineti mwaka jana, namba 2. Mwaka huu wamerudi, namba imefika 2,75. Basi bibi yake mtoto akakata maneno: «Njo ile malineti inamukula macho. Muivulie mutoto, macho itarudia.» Malineti iko mu kabati sasa. Mtoto anakaa mbele kabisa ya darasa, na hata pale haone tablo muzuri.

Tunaandika kwa sababu si nyumba moja. Neno hili tumelisikia mu kambi, ku kanisa, hata mu foleni ya mupaka.

Jicho la mtoto wa namna hii limekuwa refu kupita kipimo. Picha ya kitu cha mbali inaanguka mbele ya ngozi ya nyuma ya jicho, haifike juu yake. Kioo kinaisukuma mpaka pale pake, basi. Lakini mtoto anakomea, na jicho nalo linakomea pamoja naye, zaidi ile miaka ya masomo. Kaptula ya mwaka jana haimutoshi leo: nani anasema kaptula njo ilimurefusha?

Tusimucheke bibi. Hata waganga wengine waliwaza karibu sawa yeye, wakisema tumupe mtoto kioo cha chini ya kipimo, labda jicho litapunguza mwendo. Malezia walijaribu kwa watoto 94, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Kisha miaka 2, namba ya waliopewa kipimo kamili iliongezeka 0,77. Ya waliopunguziwa iliongezeka 1,00. Masomo mengine yaliyofuata hayakusikilizana yote, lakini hakuna hata moja ambamo macho yalirudia namna yalivyokuwa mbele.

Kuko vioo vya namna ingine. Kule Hong Kong walitengenezea watoto vioo vyenye alama ndogondogo kandokando, na kwa miaka 2 ugonjwa ukaendelea karibu nusu tu ya kawaida. Kwa mshahara wetu, tusidanganyane. Lakini dawa moja iko bure: mwangaza wa inje. Taiwan, tangu 2010, masomo yanahimizwa kutosha watoto inje dakika 120 kila siku, na hesabu ya wasioona muzuri mbali ikaanza kushuka. Sisi wachimbaji tungepaswa kulielewa hili mbele ya wote: zamani wachimba makaa ya mawe wa Ubelgiji na Uingereza macho yao yalikuwa yanachezacheza yenyewe juu ya giza la chini ya udongo. Mtoto anayeshinda mu nyumba na telefone karibu ya pua, mutoshe, acheze mupira.

Na ile malineti ya wazee inayouzwa soko, musimuvalishe mtoto. Ni ya kusomea karibu. Kwa huyu inazidisha ukungu.

Inabaki franga. Patro mmoja, hatumutaje, alimujibu rafiki yetu kwamba malineti ya mtoto ni mapambo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mutumikaji pamoja na jamaa yake. Sisi tunasema: mtoto asiyeona tablo ni mgonjwa, na malineti ni dawa yake, sawa vile kinini ni dawa ya malaria. Mu mazungumzo ya mkataba wa pamoja tutaweka mezani kupima macho ya watoto kila mwaka, na bei ya vioo.

Wazazi wenye karatasi ya muganga wa macho, mulete kopi ku delege wenu. Rafiki yetu amekwisha kuleta yake. Malineti, tumemuomba aitoshe mu kabati leo leo.