Nani Alikutuma?

Kwenye nguzo ya stima karibu na steji yangu hapa Umoja kuna bango lililobandikwa juu ya bango lingine. La chini, ambalo mvua imeshaanza kulichuna, linamwita mhubiri 'Pastor'. La juu, la mwezi huu, linamwita 'Apostle'. Sura ni ile ile, suti ndiyo mpya. Nimejaribu kufikiria ni nini kilitokea kati ya hayo mabango mawili na sioni kitu. Yule wa kuchapisha aliambiwa abadilishe neno moja, basi.

Na mbona cheo kiandikwe kwa Kizungu? Mahubiri ni Kiswahili, nyimbo ni Kiswahili, namba ya kutuma sadaka inasomwa kwa Kiswahili, tena mara tatu ili wa nyuma wasikie. Lakini cheo, zii. Nadhani najua sababu. Ukisema 'mtume', neno lenyewe linakugeukia na swali. Mtume ni mtu aliyetumwa. Linatoka kwa kutuma, sawa na mtumwa, na mtumishi hayuko mbali. Hata Kigiriki cha kwanza, apostolos, maana yake ni hiyo hiyo. Paulo anapoanza barua yake kwa Warumi anajiita mtumwa kwanza, halafu ndio mtume. Hebu ibandike hiyo kwa nguzo ya stima: Mtumwa Fulani, Ijumaa hii, kesha la miujiza, njoo na mgonjwa wako.

Nitawaambia mbona hii kitu inaniuma, msije mkadhani ni kiburi cha msee aliyeacha kanisa akaanza kusoma vitabu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mama alikuwa amefikiwa na zamu yake ya chama, akanitumia 31,500 nimalize salio la karo. Ijumaa hiyo nilikuwa kwenye kesha. Saa tisa usiku Apostle akasimamisha muziki, akasema kuna mtu mle ndani ameshika pesa ya shule, na Mungu anamuuliza anaamini nini, shule au Yeye. Mwili ulinisisimka. Nilijua ni mimi. Nikatoa simu nikapanda mbegu, yote, nikabaki na ya fare. Ilinichukua miaka miwili kuona kitu rahisi hivi: ilikuwa Septemba, ukumbi umejaa wanafunzi. Nani hakuwa ameshika pesa ya shule?

Mtihani ulipofika sikuruhusiwa kuingia. Nilirudi kanisani, si kudai, nilitaka tu kuuliza. Jamaa wa protokoli, kijana wa rika langu, viatu vinang'aa kuliko future yangu, alinizuia mlangoni. "Ndugu, mpakwa mafuta haulizwi maswali."

Hayo maneno ndiyo ninayapinga hapa, kuliko hata pesa.

Kwa sababu mitume waliulizwa maswali. Kila mara! Petro alipokula na watu wasiotahiriwa nyumbani kwa Kornelio, alirudi Yerusalemu akakuta ndugu wamemngoja na lawama. Hakuwaambia wasimguse. Alikaa chini akawaeleza mambo hatua kwa hatua, iko Matendo 11. Baadaye kule Antiokia Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya watu. Huyu ni Petro, jo. Na Paulo mwenyewe, alipokuwa akikusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuibeba hiyo pesa peke yake. Soma 2 Wakorintho 8: kuna ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri nayo pamoja naye, ili mtu asipate la kusema. Mtume aliyeshona mahema apate riziki alitaka shahidi. Wa kwetu ana paybill yenye jina la bibi yake.

Najua jibu lao. Watakufungulia Waefeso 4, pale mitume wanatajwa kwanza, kisha manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu, wakuulize ni nani aliifuta hiyo orodha. Haijafutwa, na sisemi mitume waliisha na wale kumi na wawili. Barnaba hakuwa mmoja wao na anaitwa mtume. Lakini ona alivyotumwa: kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likamwekea mikono yeye na Sauli. Wakaenda. Kazi ilipoisha wakarudi pale pale, wakaita watu, wakatoa ripoti. Kulikuwa na watu waliokuwa na haki ya kungoja hiyo ripoti. Apostle wa bango alitumwa kutoka wapi, na akirudi atamripotia nani?

Wakristo wa mwanzo walishakutana na hii biashara. Kuna andiko lao dogo, Didache, ambalo wasomi wengi huliweka karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Linasema mtume akija apokelewe kama Bwana, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani. Akiomba pesa, naye ni wa uongo. Hawakuwa na M-Pesa na walikuwa wameshatushtukia.

Wengine watasema serikali iingilie. Baada ya Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni Kilifi, wengi walitaka kila mhubiri awe na diploma. Naelewa hasira hiyo. Lakini mimi sina karatasi yoyote, siwezi kumdai mtu karatasi, na Petro alikuwa mvuvi. Diploma inaonyesha tu kwamba mtu alikaa darasani. Mimi nataka kujua ni nani anaweza kumwambia hapana akasikia. Kanisa ambalo hakuna hata mzee mmoja wa kumzima maikrofoni saa tisa usiku, liwe na mtume au mchungaji au nabii, ni hatari, na kijana mwenye karo kwa simu ndiye wa kwanza kuumia.

Mama bado huenda kanisa hilo. Hukaa safu ya pili, upande wa kwaya. Anajua pesa ilienda wapi, nilimwambia mwenyewe jikoni, na aliendelea kukata sukuma kwa muda mrefu kabla ya kusema mbegu nyingine huchelewa kuota. Hatujaizungumzia tena. Jumapili asubuhi, kabla ya saa mbili, ananipigia: kijana yangu, nitumie fare.

Natuma.