Maji ya chumvi na mafuta: Dawa moja haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya maji machafu yenye chumvi na mafuta. Tangu Tanzania na Uganda zilipotia saini mwaka 2017 mkataba wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, tumezungumza sana juu ya fidia, ajira na mapato. Hayo ni ya haki. Lakini maji machafu hatuyataji.

Kisima cha mafuta hutoa na maji, na kadiri kinavyozeeka maji huzidi. Meli nazo hukusanya maji machafu chini ya vyumba vya mitambo. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza kuyamwaga baharini yakiwa na mafuta yanayozidi sehemu 15 katika milioni.

Wapo wanaodhani kwamba ukinunua mtambo wa kisasa kazi imekwisha. Sivyo. Njia ya kwanza ni kutumia bakteria wanaokula mafuta. Hao huondoa mafuta, lakini chumvi hawaigusi. Tena bakteria wa kawaida wa maji taka hufa chumvi ikizidi ghafla, hivyo lazima wazoezwe polepole au watafutwe waliozoea chumvi. Njia ya pili ni chujio la utando wenye matundu madogo mno. Utando wa aina fulani huzuia hata chumvi, lakini mafuta huuziba upesi. Kwa hiyo utaratibu ndio dawa: kwanza mafuta yanayoelea yaondolewe, kisha bakteria wafanye kazi yao, na utando uje mwisho.

Tuwatazame ndugu zetu wa Oman. Huko Nimr, kusini mwa nchi hiyo, maji ya visima vya mafuta yalikuwa yakisukumwa chini ardhini kwa pampu zinazokula nguvu nyingi. Kuanzia mwaka 2010 sehemu ya maji hayo ilianza kupitishwa katika mashamba makubwa ya matete, ambamo bakteria wa mizizini humaliza mafuta. Lakini chumvi haikutoweka; maji hukaushwa na jua katika mabwawa na chumvi hubaki. Hilo linawezekana jangwani. Tanga, penye mvua nyingi, bwawa la namna hiyo lingeweza kufurika.

Hapo ndipo penye shabaha ya barua hii. Chumvi haifi. Ukiitenga kwa utando, hubaki maji machache yenye chumvi kali zaidi. Basi kabla ya mtambo wowote kununuliwa, wahusika watueleze mambo matatu: nani atapima maji hayo kila siku, vipimo vitatangazwa wapi, na masalia ya chumvi yatatupwa wapi. Mvuvi wa Tanga hali ripoti, anakula samaki. Asisubiri kujua majibu kwa kuvuta nyavu tupu.

Msomaji wako,
Tanga.