Kabla Mja Hajawa Mzito

Lugha yetu imemtunuku mwanamke mwenye mimba jina la heshima: mja mzito. Mja ni mtu, na uzito ni ule mzigo ambao kila apitaye huuona. Tunalo pia neno himila, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na hamali, yule mchukuzi wa mizigo, na hata kitenzi kuhimili. Maneno yote haya hulitazama tumbo. Sasa yule ambaye tumbo lake halijachomoza, ambaye mizani haijaonyesha badiliko lolote, naye ametapika mara nne kabla ya adhuhuri, tumwiteje? Hana jina. Na katika shule zetu nyingi, asiye na jina hana hata kiti.

Nayasema haya kwa aibu kidogo. Muhula mmoja nilikwenda Kakuma kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Binti mmoja, ambaye chuoni namjua kuwa hodari, alikuwa akifundisha ngeli saa sita mchana. Darasa lilikuwa la mabati, watoto wamebanana watano watano katika dawati, na hatua chache kutoka dirishani palikuwa na jiko la shule, maharagwe yakitokota. Alifundisha huku ameegemea ukuta. Mara mbili alitoka nje bila kusema neno, na mara ya pili alikaa huko dakika saba. Najua kwa kuwa nilizihesabu. Katika fomu yangu nilimkata alama za udhibiti wa darasa, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hana uchangamfu. Jioni ndipo aliponijia chini ya mti, ameinamisha macho, akaniambia: "Mwalimu, naomba unisamehe. Nina mimba ya wiki tisa."

Aibu yangu ilikuwa mara mbili, maana kitanda hicho nilikilalia mimi mwenyewe na kunguni wake nawajua. Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Lodwar. Wasomaji wa nyanda za juu hulisikia tu jua la Lodwar. Huko joto la nyuzi 35 ni la siku ya kawaida, wala halimsubiri mtu amalize gwaride la asubuhi. Nikienda kazini nilipita mahali panapouzwa samaki wakavu wa Ziwa Turkana, na harufu niliyokuwa nikiipenda ikageuka adui. Nilijifunza hila ya kuwaandikia wanafunzi ubaoni kazi ndefu ya kunakili, ili nipate nafasi ya kukimbilia nyuma ya tangi la maji. Wenzangu niliwaambia kwamba ni tumbo tu. Mkubwa wangu akanionya mbele ya walimu wengine juu ya uzembe. Aliyeujua ukweli kabla ya wote ni mpishi wa shule, mama wa makamo, ambaye hakuniuliza lolote. Aliniwekea kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi. "Kunywa kidogo kidogo, mwanangu," alisema, akarudi kwenye sufuria zake.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu mimba changa haitangazwi. Wapo wanaoogopa kijicho, na wapo wanaoogopa kutangaza furaha kisha waitangaze huzuni. Hofu hii tusiibeze, kwani mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi 3 ya kwanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ilhali katika jambo hili utamaduni wetu wamwambia mwanamke afiche ili azae! Matokeo yake ni kwamba majuma yale ambayo mwili unamsumbua zaidi ndiyo majuma ambayo hana ruhusa ya kusema anasumbuliwa.

Waingereza huyaita mambo haya maradhi ya asubuhi. Jina hilo ni la uongo, na limewadanganya wakuu wengi wa shule wanaodhani kwamba mwalimu akishavuka saa nne yu mzima. Kiswahili kimesema kweli zaidi. Kichefuchefu, kizunguzungu: tazama jinsi uradidi wa maneno hayo unavyoonyesha jambo linalokwenda na kurudi bila kujali saa. Kwa kawaida hali hii huanza karibu na wiki ya 6, hukithiri karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 12 na ya 16. Katika kila wanawake 10, kama 7 huipata kwa kiasi fulani. Wala si deko. Mwezi Desemba 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo kondo na mtoto tumboni huitoa kwa wingi, na ambayo baadhi ya wanawake miili yao haikuizoea. Mmoja wa watafiti hao, Marlena Fejzo, alipoteza mimba mwaka 1999 kwa sababu ya kutapika kupita kiasi.

Nitie neno hapa kwa walimu wa Turkana hasa. Kichefuchefu cha mimba hakileti homa. Mwenye homa akapimwe malaria siku hiyo hiyo, maana malaria kwa mwenye mimba si jambo la kungojea kesho. Vilevile asiyeweza kubakisha tumboni hata maji kwa siku nzima, ambaye mkojo wake umekuwa mchache na wa rangi nzito, huyo aende hospitali akatiwe maji mshipani. Tangu dawa ya thalidomidi ilipowalemaza maelfu ya watoto hadi ikaondolewa mwaka 1961, wanawake wengi wameogopa kumeza chochote. Lakini leo zipo tiba ambazo daktari anaweza kuzitoa bila hatari hiyo, vitamini B6 ikiwa mojawapo.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na walimu walio chini ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, waliongezewa kutoka siku 90 hadi 120 katika makubaliano ya 2021 hadi 2025. Haya ni mafanikio makubwa. Nilipokuwa Lodwar sheria ya ajira ilikuwa bado ile ya 1976, iliyompa mama miezi 2 kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba. Hata hivyo, likizo yote hiyo humngojea mtoto. Mwenye wiki ya tisa anaachiwa likizo ya ugonjwa, ambayo kiwango chake cha chini kisheria ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, tena kwa cheti cha daktari. Na cheti hicho hupita mezani kwa karani na kwa naibu wa mwalimu mkuu. Kufikia jioni mji mzima umekwisha kumpongeza.

Ninachodai hakihitaji Bunge. Mwalimu mkuu awe na mlango ambao mwalimu anaweza kuufunga nyuma yake akasema neno moja, na neno hilo lisitoke. Ratiba ikubali kubadilishwa kwa majuma machache bila maelezo kubandikwa ukutani. Kiti kiwekwe mbele ya darasa, na mwalimu asiye na nguvu aruhusiwe kuketi wakati wa gwaride. Zamu ya kusimamia chakula cha mchana aipokee mwingine. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba mwalimu aliyeketi hafundishi.

Kwa mwalimu mkimbizi wa kambi ya Kakuma au wa Kalobeyei mambo ni magumu zaidi. Yeye hulipwa posho badala ya mshahara kamili, na darasa lake mara nyingi hupita watoto 100. Kitabu cha afya humshauri ale kidogo kidogo, mara kwa mara, vitu vikavu visivyo na harufu. Ushauri mwema! Lakini mwaka 2025, mgawo wa chakula ulipopunguzwa sana, kidogo kidogo hicho angekitoa wapi? Mashirika yanayoendesha shule za kambini yangeweza kuanza kwa kikombe cha uji cha saa nne kwa mwalimu anayekiomba, bila kumtaka aeleze sababu.

Alama za binti yule nilizirekebisha usiku ule ule, na fomu ya wino mwekundu nikaichana. Asubuhi nilimwandikia mkuu wa shule kwa mkono, nikaomba somo la ngeli lihamishwe kutoka saa sita hadi saa mbili, katika darasa lililo mbali na jiko. Nilitaja moshi. Mimba sikuitaja.