Till ni ya mmoja, ushuru ni wa nani?

Mmefungua kinyozi na rafiki yako. Yeye alitoa pesa ya viti na mashine, wewe ndiye unashinda hapo kutoka asubuhi. Siku ya kuomba till alikuwa safarini, kwa hivyo ukatumia kitambulisho chako na PIN yako. Mkaambiana mtabadilisha baadaye. Miaka miwili imepita, na till bado iko kwa jina lako.

Wengi huona hilo ni jambo dogo. Mimi naona ndilo kosa kubwa zaidi ambalo washirika hufanya. Mteja akilipa, rekodi inasema pesa imeingia kwako. Ile nusu unayomtumia mwenzako jioni inaonekana tu kama umemtumia rafiki pesa. KRA ikitaka kujua kuhusu mapato ya till hiyo, itamuuliza mwenye jina.

Wacha tupige hesabu. Tuseme mauzo ya mwaka hayakufika milioni moja, kwa hivyo ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3 hauwahusu. Baada ya kodi ya nyumba, stima na vifaa, mmebaki na faida ya Sh600,000. Mkigawana nusu kwa nusu na kila mtu atangaze Sh300,000 zake, basi kwa viwango vya mwaka wa 2025, na kama hamna mapato mengine, kila mmoja analipa Sh3,000. Faida yote ikihesabiwa kuwa ya mtu mmoja, mtu huyo anadaiwa Sh88,600. Kazi ni ile ile na wateja ni wale wale. Sasa jaribu kumwambia mwenzako akurudishie nusu ya hiyo, wakati fungu lake alishalipia karo.

Sheria haikutaka mfike hapo. Biashara ya ubia yenyewe hailipi ushuru wa mapato. Inakuwa na PIN yake, inawasilisha ritani yake kwenye iTax ikionyesha faida na fungu la kila mshirika, halafu kila mmoja anaingiza fungu lake kwenye ritani yake binafsi. Kwa hesabu za Januari hadi Desemba, mwisho ni tarehe 30 Juni. Na kama hamkukubaliana vinginevyo, sheria inachukulia mnagawana faida sawa.

Kuna wale husema, "Mimi mambo ya KRA simo, mwenzangu ndiye hushughulika." Pole, lakini uko ndani. Katika ubia wa kawaida, deni la biashara linaweza kufuata mali yako binafsi. Mlimwajiri kijana, mwenzako akamkata PAYE, halafu hakuipeleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata? Hilo ni deni la biashara, na wewe ni mwenye biashara. Hata ukijitoa leo, deni la wakati ulipokuwa ndani halikuachi. Ubia wa dhima yenye kikomo uko tofauti kidogo, kwa sababu huo husajiliwa kama mtu wa kisheria anayejitegemea, na madeni yake kwa kawaida hayafiki nyumbani kwako. Lakini wengi wetu hatujasajili hivyo. Tulisajili jina la biashara tu, na wengine hata hilo hatuna.

Kuhamisha till iende kwa jina la biashara kunahitaji makaratasi kidogo: cheti cha usajili, PIN ya biashara na vitambulisho vyenu wote wawili. Ni usumbufu wa siku chache, sikatai. Mkingoja hiyo till mpya, pakueni stetimenti ya ile ya zamani tangu mwezi wa Januari, mketi pamoja, na mpige alama kila pesa iliyotoka kwenda kwa mwenzako. Mwandike ilikuwa ya nini: fungu la faida, mkopo, au bei ya mashine alizonunua. Wote wawili mweke sahihi. Fanyeni hivyo mapema, maana ikifika wiki ya mwisho ya Juni hakuna atakayekumbuka zile Sh4,500 za mwezi wa Machi zilikuwa za nini.