Nadharia za Mtoto Zimegeuzwa Rungu la Kumpigia

Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu nchini ameyakariri majina matatu: Piaget, Skinner na Vygotsky. Ameyaandika katika karatasi ya mtihani, akapewa cheti. Kisha huingia darasani na chaki katika mkono mmoja na kiboko katika mkono wa pili, na tangu siku hiyo majina yale hayatajwi tena ila pale anapotafuta wa kumtwika lawama. "Huyu bado hajafikia hatua hiyo," husema, na mtoto wa mkulima huhamishiwa dawati la nyuma.

Inafaa ieleweke wazi kwamba Jean Piaget hakumtuma mtu kufanya hivyo. Mswisi huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, alipokuwa kijana alifanya kazi mjini Paris ya kuwapima watoto akili. Badala ya kuhesabu majibu sahihi, alivutwa na yale yaliyokosewa, akataka kujua mtoto amepita njia gani hata akafika huko. Mtoto wa miaka mitano akiona maji yamemiminwa kutoka bilauri pana kwenda katika bilauri nyembamba na ndefu, atasema yameongezeka. Piaget hakumwita mjinga. Alimwuliza zaidi. Wafuasi wake wa hapa kwetu wamelitupa swali, wakabaki na alama ya mkasi.

Wala hatua zenyewe si msahafu. Mwaka 1969 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Meksiko, ambako watoto wa wafinyanzi walilinganishwa na wenzao wasiotoka katika kazi hiyo. Walipoulizwa kama bonge la udongo hubaki na kiasi kile kile likibadilishwa umbo, watoto wa wafinyanzi waliwashinda wenzao kwa mbali. Mikono yao ilikwisha kuwafundisha. Piaget mwenyewe aliandika mwaka 1972 kwamba fikra za juu huweza kukomaa kwa watu tofauti katika nyanja tofauti, kufuatana na kazi zao. Basi yule anayemwona mzito mtoto auzaye maembe sokoni na kurudisha chenji bila kukosea, na ampime kwa maembe kabla ya kumhukumu.

Wapo pia wanaokitetea kiboko kwa jina la Skinner, ati mtoto hujifunza kwa adhabu. Hao hawakumsoma. Mmarekani huyo, pamoja na panya na njiwa wake wote, alishikilia kwamba adhabu huzima tendo kwa muda tu, na kwamba kinachojenga mwenendo ni tuzo inayofuata tendo jema. Hata kanuni za Serikali za mwaka 2002 zimeweka mpaka wa viboko vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Achapaye darasa zima kwa sababu ya hesabu za kugawanya hana kanuni wala nadharia ya kujifichia.

Lakini aliyesalitiwa kuliko wote ni Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alifundisha kwamba lugha ndiyo chombo ambacho mtoto hutumia kupanga fikra zake, na kwamba leo hufanya kwa msaada wa aliyemzidi yale ambayo kesho atayafanya peke yake. Mwanachuo huyaeleza hayo, tena kwa Kiingereza, akapata alama nzuri. Halafu hupelekwa Kidato cha Kwanza kuwafundisha watoto ambao wengi wao wamefikiri kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na ambao asubuhi moja wamenyang'anywa chombo hicho. Darasa hunyamaza. Mwalimu huandika ubaoni, wao hunakili. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari. Warasimu wakalikalia pendekezo hilo.

Watadai kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya sayansi. Nani amekataa kisifundishwe, na kifundishwe vizuri? Hata hivyo Piaget aliandika kwa Kifaransa na Vygotsky kwa Kirusi. Kitabu cha Vygotsky juu ya fikra na lugha kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1962, miaka 28 baada ya kifo chake. Kasumba ni kudhani kwamba wazo halijazaliwa mpaka lisemwe London.

Watadai pia kwamba darasa lina watoto themanini. Ni kweli, na ni mzigo mkubwa. Lakini hapo hasa ndipo mtoto aliyeelewa angekalishwa karibu na jirani yake amsaidie, kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alidai mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wenzake. Leo mtoto akimnong'oneza mwenzake huitwa mwizi wa majibu, na mkaguzi akifika hukagua andalio la somo, tarehe na wino mwekundu, akaondoka bila kumwuliza hata mtoto mmoja amelipataje jibu lake.